Balansa mpya ya krenki na pawa stelingi: kabla hujanunua, tazama puli

Habari zenu watazamaji. Hii iliyopo mezani ni balansa ya krenki, yaani ya ile shafti kuu ya injini, siyo ya kiwandani, ni zile za injini zilizoongezewa nguvu. Swali lenu kubwa ni moja: nikiifunga, pawa stelingi inabaki? Inabaki, mradi puli ya hapa mbele, gurudumu la mkanda, iwe sahihi. Na kama stelingi yako ni ya umeme mtupu, isiyo na pampu ya mkanda, wewe huna kesi hapa.

Kwanza kazi yake. Katikati ni kitovu kinachoingia kwenye pua ya krenki, nje ni pete nzito, kati yao mpira. Kila silinda inapopiga, krenki inajipinda kidogo na kurudi, na pete hii ndiyo inayotuliza mtetemo huo. Kampuni ya Fluidampr wao wanatumia silikoni nzito ndani badala ya mpira. Njia zote mbili nazikubali. Nisichokubali ni puli kavu ya alumini inayouzwa eti mbadala. Ile ni puli tu, haitulizi chochote.

Sasa sogeeni karibu. Ya zamani hii ina safu mbili: mifereji sita ya alteneta na pampu ya maji, halafu minne ya pampu ya stelingi. Mpya ina sita tu! Ile minne inakuja kama pete ya pembeni inayofungwa kwa bolti, na kuna wauzaji wanaoiuza peke yake. Uliza kabla hujalipa.

Ukishaipata, pima. Kwenye mkanda wa PK, ule wa mifereji, kutoka mfereji hadi mfereji ni milimita 3.56. Kwa hiyo pete hiyo ya pembeni ikikaa mbele kwa milimita tatu na nusu tu, mkanda umeshahama mfereji mzima. Naweka rula ya chuma kwenye uso wa puli ya pampu, naifikisha kwenye krenki. Mnaona mwanga unapita hapa chini? Hapo panataka spesa nyembamba, kipande cha kujaza nafasi, na mkanda bado haujaguswa.

Kipenyo nacho. Tuseme ya zamani ni milimita 160, mpya 140. Pampu inapoteza asilimia 12.5 ya mizunguko yake. Barabarani hutasikia kitu, kwa sababu kwenye mwendo pampu ina mafuta ya ziada na vali yake inayarudisha. Utaisikia unapoegesha, injini ikinguruma taratibu na matairi yakikatwa hadi mwisho: usukani unakuwa mzito. Kwa gari la mjini mimi nachukua kipenyo kilekile cha kiwandani, hata kama muuzaji anasifia ndogo. Mkanda nao unabadilika: ukizunguka nusu ya puli, tofauti ya milimita 20 inataka mkanda mfupi kwa kama milimita 31. Palipokuwa na 4PK890, yaani mifereji minne na urefu wa milimita 890, anza kutafuta 4PK860.

Kufunga kwenyewe sikai sana. Nyundo weka mbali. Kung'oa, pula, kile kifaa cha kuvutia nje, ishike kitovu, isivute pete ya nje, mpira utachanika. Kuingiza, tumia chombo chake cha kuvutia kwa nyuzi. Bolti ya krenki ukiilazimisha kufanya kazi hiyo itakula nyuzi. Sili ya mbele badilisha sasa hivi, iko wazi mbele yako. Toki ya mwisho, nguvu ya kukazia bolti, fuata kitabu cha injini yako.

Na hakikisha balansi, yaani usawa wa uzito. Injini ya Chevrolet 400 ya small block ina uzito wa kusawazisha kwenye balansa yenyewe; Ford 302 ziko za aunsi-inchi 28 na za aunsi-inchi 50. Ukichanganya hapo, injini itatikisika na hakuna spesa itakayokuokoa.

Uamuzi wangu: hii naipitisha, ila ikiwa na pete yake ya stelingi ndani ya boksi. Bila pete, siinunui kwa gari linalohitaji pawa stelingi.

Ukiwasha, mkanda ukilia, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji, vidole mbali. Kelele ikikatika kisha ikarudi, puli hazijanyooka, rudi kwenye rula. Ikizidi, mkanda umelegea, kaza.