Kifurushi cha rupia 2,499 cha kujiandaa na CTET: uzoefu wangu

Kifurushi hiki cha masomo ya kwenye simu nakipa nyota mbili. Nilifaulu mtihani, na bado nakipa mbili.

Kwa msioujua, CTET ni mtihani wa serikali kuu ya India kwa mtu anayetaka kufundisha kuanzia darasa la 1 mpaka la 8. Unasimamiwa na CBSE, bodi ya taifa ya elimu ya shule, tangu 2011, baada ya sheria ya haki ya mtoto kupata elimu ya 2009. Ukifaulu hupewi kazi. Unapata sifa ya kuomba kazi, kwa mfano kwenye Kendriya Vidyalaya, shule za serikali kuu, na huko nako kuna mchujo wake. Mdogo wangu aliyeko Dar nilipomweleza alicheka sana: "Dada, yaani unafanya mtihani ili uruhusiwe kufanya mtihani?" Sikuwa na la kumjibu.

Mimi nimezaliwa na kukulia Upanga, kwa wazazi wenye pasipoti ya India, nikaolewa Bhuj, mji wa jimbo la Gujarat, India, na shahada yangu ya ualimu, B.Ed., nikaisomea huku. Mei 2023 nikajiandikisha karatasi zote mbili kwa rupia 1,200: ya Kwanza kwa madarasa ya 1 hadi 5, ya Pili kwa 6 hadi 8. Kila karatasi ina maswali 150 ya kuchagua na dakika 150. Kufaulu ni alama 90, na ukikosa swali hukatwi kitu, kwa hiyo anayeacha swali wazi anajidhulumu mwenyewe. Kisha nikanunua kifurushi cha masomo kwenye simu kwa sababu kila mtu alikuwa nacho.

Vipindi vya video ndivyo vilivyonichosha. Mwalimu anasoma maandishi yaliyo kwenye skrini, dakika 40, kisha anamaliza kwa kutangaza kifurushi kikubwa zaidi. Wanasaikolojia wa makuzi ya mtoto, Piaget hatua nne, Kohlberg hatua sita, tarehe na majina, kariri. Nikakariri kama kasuku. Jaribio langu la kwanza la mazoezi nikapata 71.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini. Kwenye Hisabati ya Karatasi ya Kwanza, nusu ya maswali 30 hayaulizi hesabu, yanauliza namna ya kuifundisha. Lugha nazo ni vilevile, 15 ufahamu na 15 ufundishaji. Mfano wa swali la aina hiyo: mtoto anasema 0.45 ni kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 45 inaizidi 5. Ufanye nini? Umsahihishe ubaoni, umpe mazoezi ishirini, umwambie arudie sura nzima, au umuulize amefikaje hapo? Sisi tuliosoma kwa viboko na "umekosa, kaa chini" mkono unakimbilia jibu la kwanza. Mtihani unataka la mwisho, kwa sababu kosa la mtoto linakuonyesha anavyofikiri. Ukishalishika hilo, maswali mengi ya saikolojia yanajibika hata ukisahau nani alisema nini. Video saa mia na kitu, na sikumbuki hata moja iliyosema hivyo waziwazi.

Nililijua kutokana na vitu vya bure. Karatasi za miaka ya nyuma ziko kwenye tovuti ya CTET yenyewe pamoja na majibu. Vitabu vya kiada vya NCERT, baraza la serikali linaloandaa vitabu vya shule, vinapakuliwa bila malipo, na kwa somo la mazingira la darasa la 3 hadi 5 sikuhitaji kingine. Vile vya mazingira nilivisoma kwa raha, vimejaa maji, safari, vyakula na mazungumzo ya watoto. Jikoni nilikuwa navisoma kwa sauti huku nakanda unga.

Kitu kimoja cha kifurushi nakisifu kwa moyo mmoja: majaribio. Yalikuwa thelathini, yanahesabu muda, na kila jibu lina maelezo mafupi. Yalinifundisha kutong'ang'ania swali moja. Kama yangeuzwa peke yake ningeyapa nyota nne.

Lugha sasa. Unachagua mbili tofauti kati ya ishirini. Nikachukua Kiingereza na Kigujarati, nikijiona mjanja, si ndiyo lugha ya nyumbani? Kumbe Kigujarati chetu cha Dar kina mambo yake. Mama mkwe ndiye aliyenizindua siku nilipoomba *fagio*, na siku nyingine *jugu*, akanitazama kama nimetoka mwezini. Nusu ya maisha yangu nilidhani hayo ni maneno ya Kigujarati! Tangazo la kifurushi liliahidi masomo ya Kigujarati; ndani nilikuta Kihindi kitupu na faili moja ya sarufi iliyopigwa picha imepinda. Nilimwomba jirani, mwalimu mstaafu, akawa ananisomesha jioni. Malipo yake yalikuwa chai na mandazi ya iliki, ambayo ameyapenda kuliko anavyoyapenda mume wangu.

Halafu ikaja tarehe 11 Agosti 2023. Mahakama ya Juu ya India, Supreme Court, ikaamua kwamba mwenye B.Ed. hana sifa ya kufundisha shule ya msingi. Madarasa ya 1 hadi 5 ni ya waliosomea ualimu wa ngazi hiyo, kama wenye stashahada ya D.El.Ed. Likafutwa tangazo la kisheria la 2018 lililokuwa limetufungulia mlango sisi wenye B.Ed. Mtihani ulikuwa tarehe 20. Siku tisa tu! Karatasi ya Kwanza niliyoipa muda wangu mwingi ikawa haina kazi kwangu.

Uamuzi ule si kosa la wauzaji. Ninachowalaumu ni kukaa kimya. Niliandika kuuliza kama naweza kurudishiwa hata nusu ya sehemu ya Karatasi ya Kwanza, nikajibiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Wiki hiyohiyo nikapokea ujumbe: punguzo la Karatasi ya Kwanza, wenye B.Ed. mnakaribishwa. Tangu hapo sheria za sifa nazisoma mwenyewe kwenye tovuti ya serikali.

Nilipangiwa kituo Ahmedabad, basi la usiku kutoka Bhuj. Nilifanya zote mbili, nimeshalipa. Siku nzima kutia wino kwenye viduara, mgongo ukawa kama umepigwa.

Matokeo yalitoka Septemba. Karatasi ya Kwanza, ile nisiyoweza kuitumia: 108. Ya Pili: 94. Mume wangu alisema nimefaulu zaidi pale pasipotakiwa. Cheti kiko kwenye simu kupitia DigiLocker, programu ya serikali ya kuhifadhi vyeti, na siku hizi hakina mwisho, zamani kilidumu miaka saba.

Wifi yangu yuko mwaka wa pili wa D.El.Ed., Karatasi ya Kwanza ni yake kihalali. Nimempa daftari langu na vitabu vilivyochapwa. Ameniuliza kuhusu kifurushi, nikamwambia atafute mahali wanapouza majaribio peke yake, na jioni aende kwa yule mzee jirani. Mandazi nitapika mimi.