Seti ya silinda ya CG kutoka Kariakoo: ifungue palepale kaunta

Seti ya juu ya injini za CG (muundo wa Honda unaotumika kwenye pikipiki nyingi za Kichina), yaani silinda, pistoni, ringi, pini, klipu mbili na gasketi zake, haikosekani kwenye maduka ya spea za pikipiki Kariakoo. SanLG na Fekon nyingi zinazobeba abiria Dar hufufuliwa kwa seti hizi. Chuma chake kinaridhisha kwa bei yake. Kinachoharibu sifa ni upakiaji: boksi linasema 125 (ujazo wa injini kwa cc), gasketi ndani ni ya 150, au pistoni imo na klipu ni moja.

Ukifika dukani, jina la pikipiki halitoshi. Futa tope ubavuni mwa injini usome namba kabla hujatoka nyumbani. Ikianza na 156FMI ni 125, kipenyo cha silinda ni milimita 56.5; 162FMJ ni 150, kipenyo ni 62. Mwendo wa pistoni ni uleule, 49.5, ndiyo maana kwa nje injini hizi ni mapacha na hata muuzaji mzoefu huzichanganya. Ukikuta 157FMI usikisie, nenda na pistoni ya zamani.

Pistoni ya 125 ndani ya silinda ya 150 haimdanganyi mtu, inacheza waziwazi. Mchawi ni gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya silinda na kifuniko chake cha juu. Ya 125 ikifungwa kwenye 150, ukingo wake unachungulia ndani ya silinda, unaungua au unagongwa na pistoni. Ilaze juu ya silinda kabla hujalipa.

Kwa anayenunua pistoni na ringi tu, mtego ni saizi. Kichwani mwa pistoni hugongwa STD (saizi ya kiwandani), au milimita zilizozidi: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Silinda iliyochongwa 0.50 ikiwekewa ringi za STD, mwanya kati ya ncha mbili za ringi unaongezeka milimita 1.57 (0.50 mara pai), na injini itakula oili na kutoa moshi wa bluu ingawa kila kitu ni kipya. Ringi ya 0.50 nayo haikai kwenye silinda ya STD. Fundi anayeipunguza ncha kwa tupa anakuachia ringi isiyo duara. Isukume ringi ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pitisha fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya). Mwanya wa karibu milimita 0.2 ni mzuri. Ukivuka 0.5, rudisha.

Ringi ya oili ni vipande vitatu: viwili vyembamba na cha mawimbi katikati. Hesabu. Klipu ikipungua usirudishie ya zamani, imeshalegea. Ikichomoka, pini inaichana silinda mpya. Doweli, vibomba vidogo vya chuma vinavyoikalisha silinda mahali pake, mara nyingi hazimo kabisa kwenye boksi, na za zamani hubaki zimenasa kwenye silinda kuukuu, ambayo jioni hiyohiyo imeshauzwa chuma chakavu.

Risiti nyingi zimeandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Basi kabla risiti ya EFD (mashine ya kodi) haijatoka, mwambie muuzaji kwamba ataandika juu yake kwa kalamu, mfano "162FMJ, STD", na mkubaliane kubadilisha isipoingia. Ukishaifunga na kuiwasha, hakuna atakayeipokea.