Nilipeleka Land Rover 109 ikamaliziwe bodi, wakaniwekea bati

Anayetafuta gereji ya kumalizia Land Rover ya zamani hapa Dar asome hapa kabla hajatoa advansi. Tangu watu wajazane Arusha na Land Rover zao kwenye tamasha la mwaka 2024, kila gereji imegeuka bingwa wa 109, yaani zile Land Rover ndefu, inchi 109 toka tairi la mbele hadi la nyuma. Niliyokwenda mimi iko upande wa Ilala, jina silitaji, lakini hasira zangu zote ziko huko.

Gari langu ni pikapu, Series III, yaani toleo la tatu la Land Rover za zamani, lilitoka shamba la kahawa Mbozi likiwa limekufa kabisa. Chesisi tulishaichomelea, injini inawaka, giaboksi imefunguliwa na kufungwa upya. Fundi aliyekuwa akinijengea akahamia Songea. Nikabaki na gari lisilo na rangi, waya zinaning'inia, na ndoo za nati barazani.

Jamani, kumpata wa kumalizia ni kazi kuliko kumpata wa kuanza. Fundi hapendi kiporo cha fundi mwenzake. Wa kwanza alilizunguka gari, akauliza nani kanifungia hivi, akanitajia bei ya kunifukuza. Wengine walitaka kung'oa injini waweke ya Hiace. Kijana mmoja alikuja na spana za milimita kwenye gari ambalo nati zake nyingi ni za inchi. Nilimsimamisha kichwa cha nati kikiwa kimeshaanza kulika. Kwa hiyo nilipofika Ilala, bosi akapapasa mlango na kusema, "Hii alumini, mzee wangu, haigongwi ovyo," nikajua nimefika. Nilimpa hela siku hiyohiyo.

Zikapita wiki, zikapita nyingine, masika yakaanza. Nikaitwa kuchukua gari. Siwezi kudanganya, lilikuwa zuri. Kijani kimetulia, milango inafunga vizuri, taa zote zinawaka. Majirani walitoka nje kuliangalia, nami nilitaka kulisifia kwa kila mtu.

Siku chache baadaye nilikuwa nakaza betri usiku. Tochi yangu ina sumaku kitakoni. Nikaiegesha juu ya madigadi ya mbele kushoto, ikaganda.

Mwenye Land Rover ameshanielewa. Madigadi ya gari hili ni alumini, na sumaku haishiki alumini. Ndivyo zilivyo Land Rover tangu ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Niliweka tochi upande wa kulia, ikaanguka. Nikarudi kushoto, ikaganda tena. Nikachukua bisibisi nikakwangua kwa ndani, kwenye ukingo. Puti ya kujazia mabonyeo, nene kama kidole, na chini yake bati la kawaida la chuma limekunjwa kwa nyundo na kuchomelewa.

Madigadi yangu ilikuwa imebonyea kidogo tu. Haikutoboka, haikuchanika. Imekwenda wapi? Alumini chakavu ina soko, inayeyushwa inakuwa sufuria. Sikumwona mtu akiiuza, lakini pale gerejini haipo, na hakuna aliyeweza kunionyesha hata kipande.

Asubuhi nikawarudia. Bosi hakunyanyuka kwenye kiti. Nikamweleza, akanisikiliza huku anachezea simu, halafu akasema, "Mzee wangu, rangi si inang'aa? Gari la miaka hamsini unalilia bati?" Vijana wake wakacheka. Ni mtu yuleyule aliyepapasa mlango wangu na kuniambia haigongwi ovyo! Asingejua alumini ningemsamehe. Anajua, na ndicho kinachoniuma.

Tena si suala la uzuri. Chuma kikibanwa na alumini, pakapita maji ya chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa, inatoka unga mweupe. Kwa upepo wa bahari wa hapa Dar, hilo bati litakula pale lilipofungwa na sehemu zangu nzima. Wamenipa ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Sasa niwe mkweli, maana kuna mtu ataniuliza. Umeme wamefanya vizuri mno. Yupo kijana mpole, haongei sana, ametandika waya zote upya, kila unganisho limebanwa na kufunikwa, fyuzi zimepangwa unavyoweza kuzifuata hata gizani. Sijaona wayaringi kama ile kwenye gari lolote la mafundi wetu. Kwa kazi ya umeme peke yake ningesema nendeni. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshafikia hapo: nyota tatu, mkakae na fundi bodi wakati anafanya kazi. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko, hapana. Msiende. Mtafuteni yule kijana afanye kazi nje ya pale, mwenye gereji asipate hata senti. Nyota moja, na ni ya kijana.

Hela sijarudishiwa. Natafuta madigadi ya kushoto ya Series III, alumini, ile yenye tundu la taa kubwa, si zile za zamani ambazo taa zake zinakaa katikati kwenye grili. Iliyobonyea nachukua. Na anayemjua fundi anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni, awe Dar au Morogoro, aniandikie.