Ofisi ya kumbukumbu ya kaunti moja Alabama: vitabu ni hazina, mapokezi ni aibu

Nimeolewa katika ukoo wa Wamarekani weusi ambao asili yao ni kaunti moja ya mashambani jimboni Alabama, katika ule ukanda wa udongo mweusi uliolimwa pamba kwa mikono ya watumwa. Ninaandika kuhusu ofisi ya hakimu wa mirathi ya kaunti hiyo, inayohifadhi hati za ndoa, wosia na mauziano ya ardhi, kwa kuwa wapo Waswahili wenzangu huku Marekani ambao watoto wao wamezaliwa katika koo kama huu na siku moja watauliza babu zao walikuwa akina nani. Nilikusudia kuwaambia waende bila kusita. Kwa jinsi ninavyojisikia sasa, sina hakika tena.

Anayetafuta nasaba ya watu weusi wa Kusini mwa Marekani hukwama kwenye mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya taifa iliyowaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliwekwa kwenye orodha ya pekee, umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki wao. Ili kuvuka hapo, ni lazima kwanza umtambue mmiliki, kisha usome mirathi yake, kwani mmiliki alipofariki watumwa wake mara nyingi waliorodheshwa kwa majina na kwa bei, katika kurasa zilezile zenye nyumbu, majembe na vitanda. Kitabu cha namna hiyo huenda kikawa katika chumba kimoja tu duniani, na mlango wa chumba hicho uko nyuma ya meza ya karani. Ndiyo maana tabia ya karani si jambo dogo.

Mama mkwe wangu amevuka miaka 80, anatembea kwa mkongojo, na alikuwa amevaa nguo zake za kanisani kwa ajili ya safari hiyo. Alijiandikisha kwenye daftari la wageni, akaeleza kwa utulivu kwamba anatafuta orodha za mirathi za kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Karani, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alilitazama daftari, akamwita kwa jina lake la kwanza, jina tupu, na kumwambia kwamba vitabu vya zamani hiyo haviangaliwi na kila mtu, na kwamba aandike barua ya maombi kisha asubiri. Wakati huohuo aliingia mpima ardhi mzungu, akaamkiwa kwa jina la ukoo lenye "Bwana" mbele yake, akapita moja kwa moja hadi ndani ya chumba cha vitabu bila kuulizwa anachotafuta.

Kwetu Tanga mtoto akimwita mtu mzima kwa jina tupu hukemewa hata na jirani. Huku Alabama jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu lina historia yake. Mwaka 1963, mwanaharakati Mary Hamilton alikataa kujibu maswali katika mahakama ya jimbo hili mpaka aitwe kwa heshima waliyopewa mashahidi wazungu. Alihukumiwa kwa kuidharau mahakama, na hukumu hiyo haikutenguliwa hadi kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1964. Mama mkwe wangu alikuwa msichana mkubwa wakati huo na anaikumbuka kesi hiyo vizuri. Hakumjibu karani neno. Mimi nilijibu, na sauti yangu haikuwa ya chini, kwamba sheria ya Alabama inawapa wakazi haki ya kukagua kumbukumbu za umma, na kwamba mwanamke huyu amekuwa mkazi tangu azaliwe.

Haki itendeke: karani mwingine, mzee wa makamo, alitoka ofisi ya ndani, akamwita mama mkwe kwa jina lake la ukoo kama inavyostahili, akamwekea kiti na kumletea vitabu mwenyewe. Alituonyesha jinsi ya kutumia faharasa za ardhi, moja kwa majina ya wauzaji na nyingine kwa majina ya wanunuzi, na jinsi majirani wa mtu katika sensa ya 1870 wanavyoweza kukuelekeza kwenye shamba alikotumikishwa. Vitabu vyenyewe ni vizito na vimetunzwa vizuri, na mwandiko unasomeka. Ndani ya kimoja tulilikuta jina ambalo familia imekuwa ikilitaja kwa mdomo tu, la mtoto wa kiume, pamoja na mama yake, na bei yao wote wawili imeandikwa kwa pamoja. Kwa saa ile nilikuwa tayari kuisamehe ofisi nzima.

Lakini kila ninapofikiri kwamba tungeondoka bila kuliona jina hilo kama yule mzee angekuwa likizo, hasira inarudi, na msamaha wangu ninauondoa. Kumbukumbu hizo hazihitaji hisani ya mtu yeyote. Barua ya malalamiko tumekwisha kuipeleka kwa hakimu mwenyewe. Tutarudi, kwa kuwa hatujafika kwenye vitabu vya ndoa, ambavyo enzi hizo viliwekwa mbalimbali, vya wazungu na vya weusi. Atakayetutangulia aanze kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo iliyoko Montgomery, iliyoanzishwa mwaka 1901, ambako rekodi nyingi za kaunti zinasomeka kwenye filamu ndogo (picha za kurasa zinazosomwa kwa mashine), kisha ndipo aende kaunti akiwa na nakala ya sheria mkononi. Na kama anakwenda na mzee wake, amtambulishe kwa jina la heshima kabla karani hajalifungua daftari.