Uzoefu wangu na shamba darasa la korosho Tandahimba, salfa sio dawa ya kila kitu

Wakulima wenzangu wa kusini, msimu uliopita nilijiunga na shamba darasa la korosho kijijini kwetu huku Tandahimba. Naona watu wanaulizia kama lina faida au ni kupotezeana muda tu, mi nasema nenda, hata kama mikorosho umeirithi kwa babu yako na unaona unaijua yote.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kujua mti unaumwa nini kabla mota ya kupulizia dawa haijawashwa. Huku kwetu ua likikauka salfa, tawi likiwa jeusi salfa, yaani kila kitu salfa. Bwana shamba akashika tawi lenye maua machanga akatuambia sogeeni muone, kweli kuna unga mweupe wa kijivu umeganda kwenye vikonyo, ukipitisha kidole unabaki mkononi, huo ndo ubwiri unga, ni ukungu, na salfa hapo ndo mahali pake. Akahamia mti wa pili, chipukizi zake zina madoa meusi na ncha zimekauka utadhani zimepitiwa na moto, huyo sasa ni mdudu anayeitwa mbu wa korosho kafyonza, na hata ukimwaga mfuko mzima wa salfa humuwezi maana ile ni dawa ya ukungu, yeye anataka kiuatilifu cha wadudu. Pesa ngapi tumeshapeperusha hewani jamani!

Halafu mbaazi. Wengi tunazichanganya humo humo kwenye mikorosho, kumbe huyo mbu mbaazi anazipenda pia, kwahiyo unamlisha mwenyewe hadi mikorosho ichipue. Hapo ubishi ulikuwa mkubwa kwasababu mbaazi ndo mboga na ndo hela ya daftari za watoto, mwisho tukakubaliana zipandwe kipande cha pembeni.

Mama mmoja mtu mzima akauliza, mwanangu na haya majimoto, hawa sisimizi wekundu wa mitini wanaotung'ata, tuyachome? Bwana shamba akamwambia hapana mama, yaache, yanamwinda huyo mbu, mti wenye viota vyake vya majani yaliyoshonwa unakuwa na ulinzi wake, na ukipuliza dawa ya wadudu hovyo unayaua na yenyewe. Korosho tunaokota chini zikishadondoka, kwahiyo usumbufu wake unavumilika, kazi ipo siku ya kupogolea.

Kuhusu kupuliza tulielekezwa robo kilo ya salfa ya unga kwa mti mkubwa, alfajiri umande bado upo na upepo umetulia, na uanze maua yanapoanza kutoka, usisubiri mti mzima uwe mweupe, unarudia baada ya kama wiki mbili.

Mapungufu yapo na nayasema kwasababu nataka darasa liboreshwe. Walichelewa kuanza, kupogolea na kusafisha shamba tukafundishwa kwa maneno tu wakati mikorosho imeshachanua. Siku waliyopanga ni ya gulio, kina mama wengi wakakosa na wao ndo wapo shambani kutwa. Lililoniuma zaidi, vijana walipuliza kwa mazoezi bila barakoa wala miwani, salfa ikawaingia machoni wakashinda wanatoa machozi, kitu kama hicho kwenye darasa hakikubaliki kabisa.

Pamoja na hayo naipa nne kati ya tano. Anayetaka kujiunga amuone afisa ugani wa kata au aulizie kwenye AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mapema, mwezi wa nne hivi, ili afundishwe kabla maua hayajaanza. Na mlio karibu na Mtwara mjini, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele ndo wanaofanya utafiti wa korosho, ukiwa na ugonjwa usiouelewa kata tawi nenda nalo uwaulize wao kabla hujaenda dukani.