Sanduku la Kijapani la msimu wa maua, tulilolifungua Maskati baada ya futari

Nimelipa rial 17 kwa sanduku moja la vitafunio vya Kijapani, kutoka kampuni inayotuma sanduku jipya kila mwezi, na usafiri ukiwa ndani yake. Kwa bei hiyo nilitaka kujua jambo moja: huo msimu unaotajwa kwenye kila pakiti, unasikika kweli mdomoni, au umeishia kwenye rangi ya waridi ya karatasi? Unasikika, ila si katika kila kifuko, na ninataka kueleza ni vipi.

Lilikuwa sanduku la Machi 2025. Mwaka ule Machi na Ramadhani zilikwenda pamoja, kwa hiyo hakuna kilichoonjwa mchana. Kila jioni, tende na uji vikishapita na sambusa zimebaki mbili tatu sahanini, tulikaa watatu: mimi, mama yangu wa miaka 71, mzaliwa wa Mchangani, Unguja, na mwanangu wa miaka 11 aliyezaliwa hapa hapa Seeb, mkoa wa Maskati. Vitu vilikuwa 20. Tulivipitia vyote kwa siku nane.

Kwanza niseme kuhusu ucheleweshaji, maana ulinikera. Ndani ya sanduku kulikuwa na hina arare, bisi ndogo za mchele zenye rangi nyeupe, waridi na kijani. Hizo huliwa tarehe 3 Machi, siku ya Hinamatsuri, sikukuu ya watoto wa kike, ambapo familia hupanga wanasesere wa mfalme na malkia juu ya ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu. Mzigo wetu ulifika tarehe 11. Anayeuza kitu kwa jina la msimu ana wajibu wa kuhakikisha kinafika kabla msimu haujapita. Niliwaandikia, wakaomba radhi, basi. Zenyewe ni nyepesi na zina utamu kidogo, ndivyo wanavyozitengeneza upande wa Tokyo. Upande wa Osaka na Kyoto huwa za mviringo na zina chumvi na sosi ya soya. Mwanangu alizimaliza kwa kikao kimoja.

Kilichonifanya nikae nikaandika haya ni mochi ya sakura, kitamutamu laini cha kunata kinachovikwa jani.

Sakura ni mti wa maua ambao Wajapani huungoja mwaka mzima. Nilidhani harufu inayoitwa ya sakura inatoka kwenye ua. Kumbe inatoka kwenye jani, na jani bichi halinukii hivyo hata kidogo. Huchumwa majani ya aina moja ya mti, Oshima-zakura, kwa sababu ni laini, yanapangwa kwenye mapipa makubwa na kutiwa chumvi kwa nusu mwaka hivi. Chumvi ndiyo inayoifungua ile harufu. Mengi hutoka mji wa Matsuzaki, kwenye rasi ya Izu. Kisha jani huvikwa kitamutamu chenye maharage matamu ndani: Tokyo huwa ni chapati nyembamba ya unga wa ngano iliyokunjwa, Kyoto na Osaka huwa ni mchele wa kunata uliosagwa chenga chenga. Ile ya Tokyo inasimuliwa kwamba ilianzia mwaka 1717 kwa mlinzi wa lango la hekalu la Chomeiji, karibu na mto Sumida, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia majani hayo.

Mochi mbichi ya sakura huliwa siku ileile ilipotengenezwa, kwa hiyo haiwezi kufika Omani. Ya kwenye sanduku ni ndogo, imefungwa peke yake isiingie hewa, na badala ya kuvikwa jani zima, jani limekatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Niliigawa vipande vitatu kwa kisu kilicholowa maji, maana kikavu kinanasa.

Mwanangu akasema, "Bibi, mbona ina chumvi?"

"Ina chumvi ndiyo. Onja tena baba, usiimeze haraka."

Mama mwenyewe alikuwa amefumba macho. Akasema neno moja: "Kikuba." Nikaonja tena nikamwelewa. Hakusema kikuba kibichi cha jioni, asumini zikiwa nyeupe. Alikuwa anasema kikuba cha siku ya nne, ambacho mkadi na rehani vimeshakauka katikati ya kanga, ukifunua kasha harufu inakupokea tamu, kavu, na kama ina vumbi kidogo. Sijawahi kula kitu chenye harufu ile. Nilitamani zingekuwa tatu, kila mtu na yake.

Kwa ambaye hajazoea: yale maharage, azuki, ni ndugu wa choroko, na yanapikwa na sukari mpaka yanakuwa kama uji mzito. Sisi maharage tunayajua kwa nazi na chumvi, kwa hiyo ulimi utakataa mara ya kwanza. Mpe nafasi ya pili. Mimi nilihitaji ya tatu.

Kitu kingine kilichotuweka mezani muda mrefu ni konpeito, vijipunje vya sukari vyenye pembe pembe kama nyota, katika kifuko cha karatasi. Utamu wake ni sukari tupu, haufikii hata robo ya halua. Lakini kutengeneza punje hizo huchukua wiki mbili hivi: chembe za sukari huzungushwa kwenye sufuria kubwa ya moto iliyoinamishwa, shira inamwagiwa kidogo kidogo, mpaka pembe zinaota zenyewe. Na jina si la Kijapani. Ni la Kireno, confeito. Mwaka 1569 padri Luís Fróis alimpa mtawala Oda Nobunaga chupa ya vitamutamu hivyo. Miaka hiyo hiyo Wareno walikuwa wameikalia Maskati, tangu 1507, na hawakuondolewa mpaka 1650. Fort Jesus ya Mombasa walianza kuijenga 1593. Sisi wametuachia neno meza, na neno leso, ile iliyokuwa mabegani mwa mama wakati namweleza mwanangu habari hizi. Ijumaa yake tulikwenda Maskati ya zamani kuziangalia ngome za Jalali na Mirani, kifuko cha konpeito kikiwa mfukoni mwake kusubiri magharibi.

Peremende za ume, tunda dogo chachu la Kijapani, zilikuwa kali, chachu na chumvi kwa pamoja. Aliyekulia ubuyu na achari ya embe atazipenda bila kufundishwa. Ila Ramadhani usizile usiku sana. Mimi nilizila baada ya tarawehe na kesho yake kiu ilinishika kabla ya adhuhuri.

Biskuti za ufuta mweusi zilikuwa nzuri sana, na nilizila kwa fahari, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazowauzia Wajapani ufuta. Senbei, yaani biskuti kavu za mchele, mbili zilifika zimevunjika. Chipsi za viazi "za sakura" zilikuwa chipsi za chumvi katika pakiti ya waridi. Hapo ndipo msimu ulipoishia kwenye karatasi.

Sasa Waislamu wenzangu, someni hapa kwa makini. Kijitabu kinachokuja na sanduku kinataja ngano, mayai, maziwa na karanga, lakini hakitaji pombe wala jelatini. Nilipitisha kamera ya simu kwenye kila pakiti. Ukiona 酒 popote, hata ikiwa imeunganishwa na alama nyingine, mara nyingi kuna pombe. 豚 ni nguruwe. ゼラチン ni jelatini, na mara nyingi haisemwi imetoka kwa mnyama gani. Vitu vitatu niliviweka kando kwa sababu hizo: keki mbili ndogo na kifuko cha vitamutamu laini vya stroberi, nikampa jirani yangu Mfilipino. Kwa hiyo tulikula vitu 17 kwa rial 17. Kampuni inayouza dunia nzima ingeweza kuongeza mistari miwili kwenye kijitabu chake, na sioni kwa nini haijafanya hivyo.

Watakushawishi ulipie mwaka mzima kwa punguzo. Mimi nakushauri usilipe. Chagua mwezi ambao una kitu chake hasa, lipia mmoja, na agiza mapema sana. La Aprili nimelisimamisha. Ninalolitaka ni la Septemba, Wajapani wanapojiandaa kuutazama mwezi mpevu wa vuli kwa magimbi na dango, vidonge vyeupe vya unga wa mchele vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Nilimwonyesha mama picha yake. Akasema hivyo ni vipopoo visivyotiwa tui, na kwamba siku sanduku hilo likifika atapika vyake, tuviweke sahani moja.