Mwaka mmoja na rekoda ndogo ya sauti: nilichopata kwa mwanangu ambacho simu haikunipa

Hii rekoda nimekaa nayo mwaka mzima sasa, nilianza binti yangu akiwa na miezi 19 na leo ana miezi 31, kwa hiyo nimeshaijua vya kutosha kuwaelezea wamama wenzangu uzuri wake na ubaya wake. Ni ile rekoda ya kawaida ya mkononi, wengine wanaita kinasa sauti, ile ambayo waandishi wa habari na wanachuo wanarekodia mahojiano na masomo. Inaenea kwenye kiganja, ina kibatani chekundu cha kurekodi, kioo kidogo, maiki mbili kwa juu, tundu la memori kadi ubavuni na betri mbili ndogo za AAA. Haipigi picha, haina intaneti, kazi yake kusikia tu.

Kilichonifanya niinunue ni neno moja, isha. Mwanangu alikuwa anaita dirisha isha. Kila asubuhi ananivuta mkono, isha mama, isha, yaani tufungue tuangalie nje. Wenye watoto wa umri huo mnajua wanavyofanya, neno refu wanalikata mbele wanabaki na silabi mbili za mwisho pale mkazo unapoangukia, kikombe kinakuwa kombe, viatu vinakuwa atu, dirisha ndo hiyo isha. Sasa nikitoa simu nimrekodi, kwisha habari. Akiiona simu haongei tena, anaitaka, anataka ajione, nikimnyima analia. Nilikuwa na video karibu mia mbili, usiku mmoja nikakaa nikazipitia zote natafuta hilo neno na sikulipata hata mara moja vile alivyokuwa analisema tukiwa wawili tu, na roho iliniuma sana maana nilijua siku za isha zinahesabika, asubuhi yoyote ataamka na dirisha kama watu wote na ile nyingine haitarudi.

Rekoda nikaiweka kwenye rafu ya chumbani, nikabonyeza, nikaendelea na mambo yangu. Hakuishughulikia. Haina mwanga unaowakawaka, haina picha, kwake ni kadude tu kama vidude vingine vya mama. Siku ya tatu nikaipata isha, safi kabisa, na mlio wa kitasa nyuma yake. Nililia jikoni, nasema ukweli.

Sauti yake kwanza, maana ndo kazi yake. Inategemea sana unaiweka wapi kuliko ilivyokugharimu. Kuna wiki niliiacha juu ya kabati, upande wa pili wa chumba, nikapata feni na friji na mtoto kwa mbali kama yuko nyumba ya jirani. Nikaisogeza mpaka mita moja hivi kutoka anapochezea, tofauti ni kubwa mno, ukipunguza umbali kwa nusu sauti yake inapanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) huku kelele za chumba zinabaki vile vile. Halafu usiiweke juu ya meza tupu, kila akigonga meza unasikia bomu, mie natandika taulo iliyokunjwa naiweka juu yake. Kuna mpangilio ndani wa kupunguza sauti nzito za chini, uwashe, mngurumo wa feni unapungua na sauti ya mtoto haidhuriki kwa sababu yake iko juu.

Ila msije mkawasha ile ya kujirekodi yenyewe ikisikia sauti. Kwenye boksi wameisifia sana na nilidhani ndo itanifaa, iwe inalala tukinyamaza na kuamka tukiongea. Inaamka kwa kuchelewa. Inakata mwanzo wa neno, na mtoto wa miezi 20 neno lake lote ni silabi mbili, kwa hiyo unabaki na "ba" ya baba, "mbe" ya kombe, na ile kimya kabla hajasema, ile pumzi anayovuta akiwa anatafuta neno, yote inapotea. Wiki nzima nimepata vipande vya namna hiyo. Nimeizima na sijaiwasha tena.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kabla ya kulala. Namlaza, nazima taa, natoka, na rekoda nimeiacha juu ya rafu mbali na mikono yake. Jamani, yule mtoto anaongea peke yake gizani! Dakika kumi na tano, ishirini, anarudia siku yake yote, na anachezea maneno. Nikaja kusoma kwamba mwanaisimu Ruth Weir alimrekodi mwanawe Anthony hivyo hivyo, akiwa na miaka miwili na nusu hivi, peke yake kitandani kabla usingizi haujamchukua, kazi yake ikatoka 1962, na alichokisikia ni mtoto anashika sentensi moja anabadilisha neno moja moja kama anajifanyisha zoezi bila mwalimu. Ndo hicho hicho nilichonacho mimi. Miezi 25 wangu anasema kitanda changu, kiatu changu, mto changu, mama changu, mama changu, halafu kimya. Kila kitu kilikuwa changu. Wiki sita baadaye nina nyingine, kitanda changu, mama changu, mama yangu, mama yangu, mara nne mfululizo, kwa sauti ya chini kama anajiambia ameipata. Mchana sikuwahi kumsikia akijirekebisha, hakuna mtu aliyemsahihisha, amefanya mwenyewe gizani. Bila hii rekoda nisingejua kama kuna kitu kama hicho kinaendelea ndani ya nyumba yangu.

Na lingine ni kwamba mama pia yumo. Angalieni picha za watoto wenu, mama hayupo, mama ndo kashika simu. Kwenye sauti nipo nzima, namwimbia vibaya, namwita, namwambia ngoja nakuja, tunabishana habari ya soksi. Sauti yangu yeye ataikuta. Hii kwangu inazidi video zote.

Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, naye alikuwa anaandika habari za mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa 1839, akaja kuzichapisha 1877, na humo ameandika kwamba mtoto alipotimiza mwaka alijitungia neno lake la chakula, mum. Kwa hiyo neno tunalijua mpaka leo. Lakini mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha, ile ya mvumbuzi Edison, ilitengenezwa mwaka huo huo wa 1877, wakati mtoto keshakuwa mtu mzima. Sauti yake yenyewe akilitamka hakuna anayeweza kuisikia leo. Huwa nafikiria hilo kila nikibadilisha betri.

Sasa ubaya wake, na upo.

Saa na tarehe. Ukitoa betri zikakaa nje muda kidogo inasahau kila kitu, inarudi tarehe mosi Januari, na haikuambii, wewe unarekodi tu. Mimi nilipoteza tarehe za karibu wiki mbili hivyo, mafaili yapo lakini sijui lipi lilitangulia, na kwa mtoto wa umri huu wiki mbili ni nyingi, anabadilika. Dawa niliyoipata ni ya mdomo, kila nikibonyeza nasema mwenyewe, leo ni tarehe fulani, ana miezi fulani, tuko wapi, tunafanya nini. Sekunde kumi. Fanyeni hivyo hata kama yenu haina tatizo, maana tarehe ya kwenye faili inabadilika kirahisi ukilihamisha huku na kule lakini uliyoisema haibadiliki.

Betri zikiisha katikati ya kurekodi, faili linaweza kuharibika lote, sio ule mwisho tu. Yangu moja ya saa mbili haikufunguka mpaka leo, siku ambayo bibi yake alikuwa amekuja na walikuwa wanahesabu vidole. Sikupata tena. Tangu hapo narekodi vipande vifupi vya dakika ishirini na betri nabadilisha ikibaki nusu. Kama unatumia za kuchaji ingia kwenye mpangilio uiambie ni za kuchaji, zile zina volti 1.2 na za kawaida 1.5, usipoiambia itakuonyesha zimeisha na hazijaisha. Na kifuniko cha betri kinafunguka kwa kucha ya mtoto, hakina skrubu, hili kwangu ni kosa kubwa la mtengenezaji kwa kitu kinachokaa nyumbani. Mie nimekizungushia plasta na siiachi anapofikia.

Spika yake ya ndani haifai, ni ya kuhakikisha tu kama imerekodi. Tumia hedfoni, na hapo ndo utasikia vitu ambavyo hata hukuwepo ukavisikia.

Nafasi haina shida kabisa. Ukirekodi kwa MP3 ya kawaida ya kbps 128 ni kama MB 1 kwa dakika, memori kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 500. Ukitaka WAV, ambayo haibanwi, ni kama MB 10 kwa dakika, kadi hiyo hiyo inabaki na saa 50 hivi. Mimi mchana ni MP3, usiku akiwa anajisemesha naweka WAV kwa sababu ananong'ona. Video ya simu inakula mara nyingi zaidi ya hapo, na zile akaunti za bure za Google ni GB 15 kwa kila kitu, barua pepe zikiwemo, ukiwa unarekodi video za mtoto kila siku unazimaliza haraka sana.

Kazi kubwa ni kusikiliza. Hapa watu wengi wataishia njiani na ni bora niliseme wazi. Ukirekodi saa mbili kila siku, saa mbili hizo nani atazisikiliza? Mwezi wa kwanza nilikuwa narekodi kila kitu na nina rundo mpaka leo sijaligusa. Sasa ni mara mbili kwa siku, wakati wa kuvaa asubuhi na wakati wa kulala, ikizidi ni siku yenye jambo. Jumapili usiku naingiza kwenye kompyuta, nakata kwa Audacity, ni programu ya bure, nabakisha dakika tano au kumi za wiki nzima, naliita faili kwa mwaka, mwezi, tarehe, ili yajipange yenyewe. Pembeni nina daftari, mistari mitatu tu, kwa sababu sauti bila maelezo inakuja kuwa fumbo, nina moja tunacheka dakika nzima mimi na yeye mpaka anapata kwikwi na sikumbuki tulikuwa tunacheka nini.

Na msiache vitu kwenye kadi peke yake. Kadi ni ndogo kama ukucha, inapotea, inakufa. Yangu yako kwenye kompyuta, na diski ya nje, na diski nyingine iko kwa dada yangu.

Kuna suala la watu wengine pia. Rekoda haichagui, inasikia dada wa kazi, wageni, mume wako akiongea na simu mambo yake. Niliwaambia wote nyumbani toka siku ya kwanza, hii ikiwa mezani inarekodi, na mgeni akija naizima kwanza nimuulize. Na vya usiku siwatumii watu, hata bibi yake. Anavyojisemesha gizani ni vyake, akikua ataamua mwenyewe.

Nani asinunue? Kama unataka kurushia ndugu vipande kila siku, hii itakuchosha, mpaka utoe kadi, uingize kwenye kompyuta, ukate, utume. Na kama mwanao hana shida na simu, basi programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu yako inatosha, izime mtandao isiingie meseji katikati, ilaze kifudifudi, uiache. Wa kwangu simu akiiona hata kona tu mazungumzo yamekufa, ndo maana nikahitaji hii.

Ningenunua tena? Ndiyo, kesho, ila ningetafuta yenye kifuniko cha skrubu na inayokumbuka saa.

Isha iliondoka akiwa na miezi 21 na siku kadhaa. Nimeipata ilivyoondoka, Jumanne isha, Ijumaa diisha, Jumamosi asubuhi anasema isha na jioni anasema dirisha, vizuri, na r yake, na mimi kwenye rekodi sikugundua, nasikika naendelea kukunja nguo. Nimeziunganisha zote nne, faili la sekunde 9. Juzi nilimchezea kwa mara ya kwanza. Akasikiliza, akaniuliza huyo mtoto nani. Nikamwambia ni wewe. Akataka tena, akasikiliza mpaka mwisho, akasema hapana mama, mtoto anataka dirisha, mfungulie.